Moai bila macho bado si babu

Picha inayoitangaza Rapa Nui duniani kote, kisiwa cha Chile katika Bahari ya Pasifiki ambacho wengi wanakiita Kisiwa cha Pasaka, ni ya vichwa virefu vya moai, sanamu za mawe za kisiwa hicho, vilivyochomoza kwenye nyasi za mteremko wa volkano ya Rano Raraku. Midomo imebanwa, na chini ya nyusi kuna kivuli tu. Watu huitazama wakasema, hawa ndio mababu wa Warapa Nui. Hatukubaliani nao. Mababu hawako pale. Pale ni karakana, na sanamu zile ni kazi iliyokatishwa njiani. Tena hata vichwa si vichwa: udongo ulioporomoka kutoka juu umezifukia hadi shingoni, na waliochimba wamekuta viwiliwili vizima, mikono, na migongo yenye michoro.

Jiwe la Rano Raraku ni majivu ya volkano yaliyogandamana, laini kiasi cha kuchongwa kwa toki, yaani tezo ya mkono ya basalti, jiwe gumu la volkano. Fundi alianza na uso, sanamu ikiwa imelala chali ndani ya mwamba, akashuka hadi mikononi na kitovuni, kisha akachimba kila upande mpaka ikabaki imeshikwa na utepe mwembamba wa jiwe mgongoni, mfano wa mkuku wa jahazi. Utepe ulipokatwa, sanamu iliteremshwa kwa kamba hadi chini ya mteremko, ikasimamishwa kwenye shimo, na hapo ndipo mgongo ulipochongwa. Kasoro ilianzia ndani ya jiwe lenyewe. Majivu yale yamenasa vipande vya mwamba mgumu, na toki ilipokutana na kipande cha namna hiyo usoni au shingoni, kazi iliachwa. Nyingine zilivunjika katika kuteremshwa au barabarani. Karibu sanamu 400, kati ya zaidi ya 900 za kisiwa kizima, hazikuwahi kuondoka Rano Raraku. Iliyo kubwa kuliko zote, yenye urefu wa mita 21 hivi, ingali imeshikamana na mwamba.

Kuhusu jinsi zilivyosafirishwa yamesemwa mengi, na jaribio la wanaakiolojia Terry Hunt na Carl Lipo lilionyesha kwamba watu 18 wenye kamba tatu wanaweza kuitembeza wima sanamu ya saruji ya tani zaidi ya 4. Ni kazi nzuri. Ila mjadala huo umechukua nafasi kubwa mno, na swali la sanamu zilikuwa zinasema nini limesukumwa pembeni.

Tuanze na kichwa. Kinachukua karibu sehemu tatu kati ya nane za urefu wote, na fundi hakukosea vipimo: kwa Wapolinesia, jamii za visiwa vya Pasifiki ambamo Warapa Nui wamo, kichwa ndicho makao ya mana, ile nguvu tukufu inayoshuka katika ukoo. Ndewe za masikio zimevutika kama za mtu wa cheo aliyetoga na kuvaa mapambo mazito. Mikono imeshuka ubavuni, na vidole virefu vyembamba vinakaribiana chini ya kitovu, juu ya ubinda. Katika michongo ya Wamaori wa Nyuzilandi, ndugu zao wa mbali, mikono iliyokaa hivyo hulinda elimu ya ukoo inayohifadhiwa tumboni, na sisi tunaona tafsiri hiyo inaifaa moai vilevile. Miguu haipo kabisa. Sanamu inaishia nyongani, ikakaa juu ya jukwaa kama nguzo.

Yote hayo yalikamilika na bado babu alikuwa hajafika. Sanamu iliposimikwa kwenye ahu, jukwaa la mawe la ukoo ambako marehemu walihifadhiwa, ndipo matundu ya macho yalipochimbwa: umbo la yai, yameelekea juu kidogo. Zile zilizobaki Rano Raraku hazina matundu hayo. Ndani yake likatiwa jicho la tumbawe jeupe lililosuguliwa likalainika, na katikati mboni ya jiwe jekundu la volkano au ya obsidiani, kioo cheusi cha volkano. Jicho la namna hiyo lilipatikana Anakena, pwani ya kisiwa hicho, mwaka 1978, katika kazi ya kurejesha Ahu Nau Nau iliyoongozwa na Sergio Rapu, mwanaakiolojia mwenyeji wa kisiwa. Tangu hapo haikuwezekana tena kudai kwamba vivuli vilikuwa ndiyo sura yao. Jicho likishaingia, jiwe ni aringa ora, uso ulio hai. Baadhi walivikwa pia pukao, shungi la nywele la jiwe jekundu kutoka machimbo ya Puna Pau, na wekundu huko Polinesia ni rangi ya utukufu.

Macho hayo yaliwatazama watu. Moai za pwani zimeipa bahari visogo, na uso uko upande wa kijiji. Saba za Ahu Akivi hutajwa kama zinazotazama bahari, lakini ahu hiyo iko bara, na uwanja wa wakazi ulikuwa mbele yake, kwa hiyo kanuni ni ileile.

Baharia Mholanzi Jacob Roggeveen alipofika mwaka 1722 alizikuta zimesimama. Kufikia 1868 hakuna iliyobaki wima juu ya ahu. Nyingi zililazwa kifudifudi, na aliyeziangusha hivyo alijua vizuri nguvu ilikokuwa.

Mwaka huohuo wa 1868 mabaharia wa Uingereza waliichukua moai iitwayo Hoa Hakananai'a, ya basalti, urefu wa mita 2.42, ambayo sasa iko British Museum, London. Ilikuwa na rangi nyekundu na nyeupe, zikaoshwa na maji ilipopelekwa melini. Wagiriama wa pwani ya Kenya hawahitaji kuelezwa uchungu huu: kigango, nguzo ya mbao ya kumkumbuka marehemu, kikishasimikwa hakihamishwi, na bado vingi viling'olewa vikauzwa hadi makumbusho ya Marekani. Chile iliirudisha kisiwani moai Tau mwaka 2022, baada ya kuichukua mwaka 1870. Ujumbe wa Warapa Nui ulifika London mwaka 2018 kuomba Hoa Hakananai'a arudishwe, na tunasimama nao, kwa sababu babu aliyeondolewa mbele ya watu wake hana wa kumtazama.

Mwenye kutaka picha ya kubandika ukutani, aiache ile ya Rano Raraku, atafute ya Ahu Ko Te Riku pale Tahai. Macho yake ni ya kuigiza, lakini shungi liko kichwani, mgongo uko baharini, na weupe wa macho unaonekana tangu mbali.