Heed na Christine: ugomvi wa wosia ambao wala haukuwa wa wosia

Watu wakimtaja Toni Morrison, yule mwandishi wa riwaya wa Marekani, moja kwa moja wanakimbilia Beloved, sawa sikatai, ila mimi kitabu chake kinachonirudia kichwani kila nikikaa na kina mama watu wazima ni Love, alichokitoa 2003, riwaya yake ya nane hiyo, na sijui kwa nini watu wanaipita kama haipo. Humu nitasimulia mpaka mwisho wake kabisa. Kama we ni wa kununa ukiharibiwa uhondo, kasome kwanza ndo urudi.

Basi ni hivi. Kuna nyumba kubwa namba moja mtaa wa Monarch, mji mdogo wa Silk, pwani ya mashariki ya Marekani, miaka ya tisini. Ndani wanaishi mabibi wawili wa miaka sitini na kitu, Heed na Christine. Heed yuko juu chumbani, vidole vimekakamaa kwa baridi yabisi hata kalamu ni shida, na juu ya kitanda chake kumening'inia bonge la picha la marehemu mumewe, Bill Cosey, aliyekuwa na hoteli ya ufukweni ya watu weusi. Christine yuko chini jikoni anasafisha kamba huku kavaa mapete ya almasi, ndo mpishi, ndo kila kitu, na hawa wawili wakisemeshana ujue ni kutukanana. Sasa shika hapa: Cosey, mume wa Heed, ni babu yake Christine mzaa baba, na Heed ni mdogo kwa Christine kwa miezi kama nane. Yaani bibi wa kambo wa Christine ni mtoto aliyecheza naye mdako.

Kwa juu juu wanagombea nyumba. Cosey alifariki 1971 na wosia uliopatikana uliandikwa kwenye menyu ya hoteli yake, ukasema nyumba apewe mtoto wake mpendwa, bila kutaja jina. Christine anasema mtoto ni mimi, mi ndo damu. Heed anasema mtoto ni mimi, si nilikuwa namwita Papa. Mmoja anahangaika na mwanasheria, mwingine kamwajiri msichana anaitwa Junior eti amsaidie kuandika historia ya familia, kumbe anataka wakatafute menyu nyingine ya zamani watengeneze wosia feki. Ukisoma nusu ya kwanza unajiambia aah, mirathi tu hii, ukoo gani hauna.

Si mirathi. Na ndo maana naandika, kwa sababu nimeona watu wengi wanausoma huu mkasa kama stori ya wanawake wawili kumgombea mwanaume, au mke na mjukuu kugombea mali, na Morrison mwenyewe kama anakutega hivi, sura zake kazipa majina ya vyeo vyote vya huyo mwanaume, Rafiki, Mfadhili, Mpenzi, Mume, Mlezi, Baba, mpaka Mzimu, kila ukifungua sura ni yeye tu, wakati stori yenyewe imelala kwa watoto wawili wa kike ambao hata cheo hawakupewa.

Heed alitoka Up Beach, kwa maskini kabisa, familia ya kina Johnson ambayo watu wa hotelini walikuwa wanaiona takataka. Christine ni mjukuu wa mwenye hoteli. Wakakutana ufukweni wakapendana pale pale, kile kipendo cha watoto kisichouliza baba yako nani. Walikuwa na mtumbwi wa zamani umefunikwa kifudifudi mchangani, wakaufanya ndo jumba lao la kifalme. Walikuwa na lugha yao ya siri, kila neno wanalichomekea vitu vyao mtu mzima asielewe, kama sisi tulivyokuwa tunaongea kinyume shule ya msingi mwalimu akipita. Halafu Cosey akaenda kwa kina Johnson na hela, akamuoa Heed. Mtoto ana miaka 11. Yeye 52.

Nililisoma hilo nikarudi nyuma ukurasa kuhakikisha. Na kinachouma zaidi, mtoto mwenyewe alifurahi, alidhani sasa wataishi nyumba moja na Christine milele, wakaenda fungate mjini akashangaa kwa nini rafiki yake hakuja nao. Christine naye akapelekwa shule ya bweni. Siku moja akamtupia Heed tusi kwa ile ile lugha yao ya mtumbwini, kwamba we ni mtumwa tu umenunuliwa. Lugha waliyoitunga wapendane nayo ndo iliyotumika kuchinjia urafiki.

Lakini siri yenyewe iko nyuma ya hapo, na Morrison anaichelewesha mpaka karibu mwisho. Ni siku moja kabla ya mambo ya ndoa. Watoto wamevaa nguo za kuogelea, wamebeba chakula waende pikiniki, wakakumbuka wamesahau vya kuchezea mdako. Heed akakimbia hotelini kuvifuata. Kwenye korido akakutana na Cosey, akamsemesha, akamgusa kifuani, basi, akaondoka zake. Heed akatoka mbio kumtafuta Christine amwambie. Wakati huo huo Christine, aliyebaki nje, akanyanyua macho akamwona babu yake dirishani kwenye chumba chake yeye Christine, anafanya peke yake jambo ambalo mtoto hatakiwi kuliona. Akatapika pale pale. Heed anafika anakuta nguo ya mwenzie imechafuka matapishi, anaona uso umebadilika, anajua moja kwa moja kwamba Christine kamwona kule ndani na kakinai naye. Christine hawezi kusema kilichomtapisha. Na Heed hawezi kusema kilichompata.

Wakaenda pikiniki. Hakuna aliyesema.

Hiyo ndo siri, zaidi ya miaka hamsini imekaa hapo. Wala si mauaji (yapo pia, nakuja), wala si wosia. Kila mmoja aliamini uchafu uko ndani yake, kwamba yeye ndo kauleta, na walikuwa na lugha nzima ya siri isiyo na neno la kulisemea hilo. Ndoa ilikuja kumalizia tu. Mi nadhani wangesemezana ile mchana hata ndoa isingewaachanisha, wangekuwa watoto wawili wenye adui mmoja badala ya wanawake wawili maadui.

Hapa ndo nilipomkumbuka bibi yangu mzaa mama, Tanga. Alikuwa na shoga yake nyumba ya tatu, waliokua wote, na tangu nipate akili hawakuwahi kusalimiana. Ila chakula kilikuwa kinaenda. Mwezi wa Ramadhani ananiita, "mpelekee yule," hamtaji jina, bakuli la tambi limefunikwa kawa, nikifika kule yule bibi anapokea bila kuuliza bibi yako hajambo, na kesho yake bakuli linarudi na kaimati ndani, maana chombo hakirudi kitupu, hata kama mmenuniana miaka arobaini. Bibi alipofariki huyo huyo akaja, akaingia ndani na waoshaji, akakunja mikono ya dera akamwosha, akatoka, hakukaa hata matanga. Walichokosana hakuna anayejua mpaka leo. Na sisi wajukuu tumelelewa kuliona hilo ni sifa, oooh wanawake wa zamani walikuwa na staha, hawakuwa watu wa kutoboa siri, sio nyie wa sikuhizi mnaanika kila kitu kwenye stetasi. Baada ya kusoma hiki kitabu sina uhakika tena na hiyo sifa. Christine naye anampikia Heed kila siku. Unaweza kumlisha mtu miaka ishirini na usimwambie kitu.

Na angalia jamii inavyofanya. Mtoto wa miaka 11 kaolewa na mzee, mji mzima unamsema mtoto! Eti mjanja, eti tamaa, eti kapanda cheo. May, mama yake Christine, alimchukia Heed mpaka anakufa, na huyu May ndo yule aliyekuwa anatembea na kofia ya chuma ya jeshi akiogopa kwamba harakati za haki za weusi zitawaletea watu kuja kuchoma hoteli. Cosey anabaki mfadhili, mtu wa watu. Na kweli aliajiri wengi. Enzi hizo weusi walikuwa hawaruhusiwi fukwe za wazungu, hivyo mahali pao wenyewe pa kupumzika palikuwa dhahabu, kama American Beach kule Florida aliyoianzisha A. L. Lewis mwaka 1935, na sheria ya haki za kiraia ya 1964 ilipofungua milango kwingine wateja wakahama, sehemu nyingi za aina hiyo zikafa polepole. Morrison hakufichi kwamba kilikuwa kitu kizuri kilichojengwa na mtu aliyefanya kitu kibaya, na watu walichagua kukumbuka hoteli.

Tusijifanye wageni wa hilo. Sheria yetu ya ndoa ya Tanzania, ya mwaka ule ule 1971 aliokufa Cosey wa hadithini, iliruhusu binti wa miaka 15 kuolewa wazazi wakiridhia, mwanaharakati wa haki za wasichana Rebeca Gyumi akaenda mahakamani, Mahakama Kuu ikasema 2016 vifungu hivyo vinakiuka katiba, serikali ikakata rufaa ikashindwa 2019. Mi nilipokuwa nafuatilia ile kesi nilikuwa nawaza shule, mimba, afya. Sikuwahi kuwaza rafiki. Kwamba binti akiolewa mapema kuna binti mwingine anabaki bila shoga yake na hakuna anayemhesabu.

Kuhusu uandishi wenyewe sitasema kila kitu ni kitamu. Junior na kale kavulana Romen, kanakofanya vibarua pale kwa mabibi, wanakula kurasa nyingi mno kwa ladha yangu, mambo yao ya mapenzi nilikuwa nayapitia haraka nirudi kwa mabibi zangu. Naelewa kwa nini wapo, Junior naye ni binti asiyekuwa na mtu, lakini bado. Na mwanzo unachanganya, unatajiwa watu kumi hujui nani wa nani. Vumilia, hutaelewa hata nusu kwanza, ndo kilivyo.

Ila mwisho jamani. Heed na Junior wameenda darini kwenye hoteli iliyokufa kutafuta zile menyu, Christine kawafuata, kwenye purukushani Heed anaanguka chini anavunjika, Junior anakimbia na gari anawaacha. Usiku kucha mabibi wawili kwenye vumbi, mmoja hawezi kunyanyuka, na hapo ndo wanaanza kuongea. Morrison kaondoa hata alama za kuonyesha nani kasema, sentensi zinafuatana tu, wewe mwenyewe uchambue hii ni ya Heed hii ya Christine, na baada ya muda unaacha kuchambua. Wanarudi utotoni. Wanaambiana ile siku ya mdako. Wanagundua wangeweza kuishi wameshikana mikono muda wote huo badala ya kumzunguka mzee mmoja. Romen anakuja kuwafuata, mmoja anakuwa ameshafariki, na hata hapo mwandishi hakutajii wazi ni nani, mi naamini ni Heed.

Kuna wanaouita huo mwisho mzuri, kwamba upendo umeshinda. Mi naukataa. Masaa machache darini hayalipi maisha yote, na sidhani Morrison alitaka tufute machozi tutabasamu. Alishafanya kitu cha karibu na hicho kwenye riwaya yake ya Sula, 1973, pale Nel anapogundua uzeeni kwamba aliyekuwa anamkumbuka miaka yote ni shoga yake, wala si mume aliyemkimbia. Kule angalau Sula alikuwa ameshakufa, hakuna la kufanya. Huku walikuwa nyumba moja, ngazi tu katikati!

Na hapo namfikia L, mpishi wa hoteli, ndo msimuliaji, na wasomaji wengi wanampenda kupita kiasi. Yeye naye ni marehemu anatusimulia kutoka huko aliko. Mwishoni kabisa anatwambia kwamba Cosey alikuwa ameandika wosia wa kweli akimwachia karibu kila kitu Celestial, kahaba ambaye Cosey alikuwa anampenda, familia ibaki mikono mitupu, na yeye L akaamua kumpa sumu ya ule mmea unaotolewa dawa ya moyo, akauchana huo wosia, akaandika mwenyewe ile menyu. Kaiandika makusudi isiyoeleweka, ili wale wawili wabaki wameunganishwa na kitu, labda ipo siku watajua thamani ya kusemezana. Watu wanasoma hapo wanapiga makofi, mama wa busara.

Busara gani? L alikuwepo tangu mwanzo. Alikuwa anafanya kazi hapo mtoto wa miaka 11 alipoletwa bibi harusi, aliwaona wote wawili wakilia kila mmoja kona yake. Kwenye mazishi ya Cosey walipovaana juu ya jeneza aliwatuliza kwa kuwatishia chinichini kwamba atasema, maana yake alijua kuna la kusema. Mwenyewe anajisifu kwamba wenzie wakiongea yeye anaimba kwa puani tu. Kwetu pwani binti ana somo wake, mtu mzima wa kumfunda na kumuuliza yale asiyoweza kumwambia mama, na hawa watoto kama kuna mtu angewafaa hivyo alikuwa ni L, na hakufanya. Kuua aliweza, kufoji wosia aliweza, ila kumwita mtoto pembeni amuulize mwanangu umefanywa nini, hilo ndo lilimshinda.