Gari la Spoti la Polisi wa Uingereza Halikuwa Mbwembwe

Tangu mwaka 2013, polisi wa Dubai walipoanza kuonyesha Lamborghini Aventador na baadaye Bugatti Veyron, ukitaja gari la spoti la polisi mbele ya watu jibu ni lilelile: hayo ni maonyesho ya wenye pesa. Kwa Dubai sina ubishi. Kuvutia macho ya wageni ni sehemu ya kazi ya magari yale. Kinachonisumbua ni watu kuichukua hukumu hiyo, wakairudisha nyuma miaka 60, wakaibandika kwenye magari ya polisi wa Uingereza ya zama za MG, Triumph na Daimler. Nimesikia mara nyingi, hata kwa watu wanaojua magari, kwamba wakubwa wa polisi wa kule walijinunulia vichezeo kwa kodi za wananchi, kisha wakavipaka rangi ya kazi.

Nimefanya kazi gereji miaka mingi, na gari hulisoma kwa namna lilivyoagizwa. Magari yale yakisomwa hivyo yanaeleza jambo jingine kabisa.

Kwanza tuwape haki wanaoyapinga, maana hoja zao si za kubeza. Kaunti ya Lancashire ilitumia MG ndogo za wazi tangu miaka ya 1930, na baada ya vita ikaingiza MG za modeli ya MGA zilizopakwa rangi nyeupe. Mji wa pwani wa Southend-on-Sea, uliokuwa na jeshi lake la polisi hadi ulipounganishwa na Essex mwaka 1969, ulikuwa na Triumph TR4. Polisi wa London walichukua Daimler SP250 kama 30 hivi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Yote ni magari madogo yenye turubai juu, na buti ambalo ukishaweka tairi la akiba nafasi inayobaki ni ya kubishania. Sasa mkamate mtu. Utamweka wapi? Ukikuta ajali usiku, koni, mablanketi, taa za tahadhari, sanduku la huduma ya kwanza na mtungi wa kuzimia moto viko wapi? Anayelijua difenda (Land Rover) la polisi wetu, linalobeba askari sita nyuma na bado likapata nafasi ya mtuhumiwa, anaiona TR4 na kutikisa kichwa.

Usalama wa askari wenyewe nao ni hoja. Gari la wazi lisilo na fremu ya kulinda kichwa likipinduka, waliomo hawana kinga. Halafu SP250 za mwanzo zilikuwa na aibu yake: chesisi ilijikunja kwenye kona kali mpaka milango ikafunguka yenyewe. Kiwanda kiliimarisha fremu baadaye, lakini habari ilikuwa imeshaenea. Haya yote ni kweli.

Ila swali ambalo wapinzani hawaulizi ni hili: askari yule alikuwa anatafuta kosa gani barabarani?

Sisi tumezoea tochi. Askari anasimama chini ya mti, anakuelekezea kifaa, namba inatoka, unaandikiwa. Kosa ni namba. Sasa fikiria barabara isiyo na namba. Sheria ya barabarani ya Uingereza ya mwaka 1930 iliondoa kikomo cha maili 20 kwa saa kwa magari madogo, na haikuweka kingine mahali pake. Mwaka 1935 kikarudi cha maili 30, lakini ni kwa maeneo yenye makazi. Ukishatoka nje ya mji ilikuwa ruhusa. Barabara ya M1 ilipofunguliwa tarehe 2 Novemba 1959, dereva aliruhusiwa kukimbia kadiri injini yake ilivyoweza, na hali ikabaki hivyo mpaka tarehe 22 Desemba 1965, kilipoanza kutumika kikomo cha maili 70, yaani karibu kilomita 113 kwa saa.

Kwa hiyo kwa miaka 35, kwenye barabara nyingi za nje ya miji, mwendo peke yake haukuwa kosa. Kosa lilikuwa namna ya kuendesha: uzembe au hatari. Huyu anapita gari jingine kwenye kilima asichokiona upande wa pili. Yule ameganda nyuma ya lori mita tatu kwa mwendo wa maili 80. Makosa ya namna hiyo hayapimwi kwa kifaa kilichotegwa chini ya mti. Lazima yaonekane, na ili uyaone lazima uwe nyuma ya mkosaji, kwa mwendo wake yeye, kwa muda wa kutosha kutofautisha kosa la bahati mbaya na tabia.

Ukishakubali hilo, gari la spoti linaanza kueleweka. Gari la kawaida la saluni, yaani la familia lenye paa, la miaka ya 1950 lilihangaika kufika maili 80. MGA ilizidi 95 na ilishika barabara vizuri. Jaguar kubwa ingeweza kazi hiyo, na baadhi ya majeshi ya polisi waliinunua, lakini ilikuwa ghali mno kwa kaunti iliyohitaji magari mengi. Gari dogo la spoti lilikuwa njia ya mtu mwenye bajeti ndogo kupata mwendo. Hapo ndipo neno kichezeo linaponiudhi, kwa sababu aliyenunua MG alikuwa anabana matumizi.

Na kiti cha pili je? Watu husema lilikuwa na viti viwili tu, kana kwamba hicho ni kilema. Tangu sheria ya magari ya mwaka 1903, mtu hakuweza kutiwa hatiani kwa mwendo kasi kwa maoni ya shahidi mmoja peke yake. Polisi waliokuwa ndani ya miji, penye kikomo, mara nyingi walimfuata dereva kwa umbali usiobadilika huku wakisoma spidomita iliyopimwa na kuthibitishwa. Mmoja anaendesha, hana nafasi ya kuangalia kingine zaidi ya barabara. Mwenzake ndiye anayesoma mshale, anaandika mahali na saa, anaitazama mikono ya dereva wa mbele. Mbele ya hakimu wanasimama wawili, mmoja wao alikuwa huru kutazama muda wote. Askari wa pikipiki hakuwa na mwenzake huyo, na mvua ya Novemba ikimpiga usoni kwa maili 90 hata alichokiona mwenyewe kilikuwa nusu. Kwa kazi ile viti viwili vilitosha kabisa. Mtuhumiwa hakuhitaji cha kwake, kwa sababu mara nyingi aliandikiwa makosa yake palepale na kuitwa mahakamani baadaye. Wa kukamatwa aliitiwa gari jingine kwa redio.

Nirudi kwa SP250 za London, maana ndizo zinazosemwa zaidi. Zilitafutwa kwa sababu ya vijana wa pikipiki waliokusanyika kwenye migahawa kama Ace Cafe, pembeni ya barabara ya North Circular. Sifa yao ilikuwa kufika maili 100 kwa saa, kilomita 161, ndani ya jiji kubwa. Husimuliwa kwamba waliweka sahani ya muziki kwenye mashine ya mgahawa, wakatoka kukimbia, na ushindi ulikuwa kurudi kabla wimbo haujaisha. Wengi walipanda Triumph. Na hapa kuna jambo ambalo kila nikilifikiria hunifurahisha: Edward Turner, mtu aliyeijenga sifa ya pikipiki za Triumph, ndiye huyohuyo aliyebuni injini ya V8 ya lita 2.5 iliyowekwa kwenye SP250. Mbio zile za usiku zilikuwa kati ya kazi mbili za mikono ya mtu mmoja.

Sasa tazama zilivyoagizwa. Polisi wa London walizitaka na gia otomatiki. Kwa fundi, hapo ubishi wa kichezeo umekwisha. Otomatiki ya miaka ile iliongeza bei, ikapunguza wepesi wa kuondoka, na ikaondoa raha yote ambayo mtu huifuata kwenye gari la spoti. Anayenunua ili afurahi hachukui otomatiki. Anayeichukua ni yule anayejua gari litaendeshwa zamu kwa zamu na madereva tofauti, kila mmoja na mguu wake. Kwamba litatambaa kwenye foleni kwa muda wa saa tatu kisha liambiwe liruke ghafla. Kwamba klachi itaungua na gari litalala gereji wakati linahitajika. Dereva anabaki na mikono yote miwili kwenye usukani. Ongeza breki za diski magurudumu yote manne, wakati magari mengi ya kawaida bado yalitumia dramu, na bodi ya faiba isiyooza kwa chumvi inayomwagwa barabarani majira ya baridi. Hii ni orodha ya mtu anayeandaa zana.

Kuna takwimu moja ambayo wapinzani huitupa mezani, nami nimeigeuza kila upande. Mwaka 1966 watu 7,985 walikufa kwenye barabara za Uingereza, idadi kubwa kuliko mwaka wowote usio wa vita. Wanauliza: magari yenu ya kasi yalikuwa wapi? Unaweza kujibu kwamba mwaka 1934 walikufa 7,343 wakati nchi ina magari kama milioni 2.4 tu, na kufikia 1966 magari yalishapita milioni 13. Kwa kila gari, hatari ilikuwa imeshuka sana. Jibu hilo ni sahihi, lakini halinitoshi, kwa kuwa watu 7,985 hawazikwi kwa wastani. Na mwaka 1967, sheria mpya ilipowaruhusu polisi kupima pumzi za madereva kwa ajili ya pombe, vifo vilianza kushuka kwa namna ambayo MG yoyote isingeweza. Mwaka 1968 vilikuwa 6,810. Baadaye ukaja ulazima wa mikanda mwaka 1983, na leo vifo havifiki 2,000 kwa mwaka. Sidai kwamba magari machache ya spoti yangeokoa nchi. Nadai tu kwamba kwa kosa lililokuwepo na sheria iliyokuwepo, hicho ndicho chombo kilichofaa, na kwamba idadi ya 1966 ni hukumu juu ya sheria iliyochelewa zaidi kuliko juu ya askari aliyetumwa kuisimamia.

Hoja nzito kuliko zote ni ya kufukuzana. Kijana wa miaka 18 akiona gari la polisi linaloweza maili 120 nyuma yake, anaweza kusimama, au anaweza kukaza mkono na kufa kwenye mzunguko unaofuata. Gari la kasi linamshawishi askari afukuze pale ambapo angenukuu namba ya usajili na kumsubiri nyumbani. Hilo silipuuzi, na ningekuwa mzazi wa kijana yule lingenitosha. Lakini kabla ya magari yale wafukuzaji walikuwa askari juu ya pikipiki, wakipita kwenye mafuta na majani yaleyale. Kufukuzana kulikuwepo kabla Daimler hazijaja.

Kilichoanza kuyamaliza magari haya kilikuwa kikomo cha maili 70. Siku kosa lilipokuwa namba, saluni yoyote nzuri ilitosha kumfikia mkosaji, na kazi ya barabara za kasi ikageuka kuwa kufika kwenye ajali na vifaa. Ford Zephyr zenye nafasi kubwa nyuma zikachukua mzigo, kisha Range Rover iliyotoka mwaka 1970 ikawa jibu kamili la koni na mablanketi. Wapinzani walishinda hapo, na walistahili. Kuanzia mwaka 1992 zikaja kamera, na kifaa kikaweza kusimama peke yake usiku kucha. Lakini kamera zile ziliona mwendo tu. Aliyeshika simu kwa mwendo wa maili 65, au aliyeganda nyuma ya lori, alipita mbele yake salama salimini.

Mwaka juzi, kwenye maonyesho ya magari ya zamani kule Uingereza, mzee mmoja mwenye SP250 ya rangi nyeusi aliniruhusu niketi upande wa kushoto, kiti cha askari wa pili. Kengele ya polisi, ya kromiamu, bado ilikuwa mbele, kwenye bampa. Kiti kiko chini kiasi kwamba karibu unaweza kuigusa lami. Niliinamisha kichwa kidogo kulia nikauona mshale wa spidomita. Kisha gari jingine dogo la wazi likapita taratibu na kusimama kando yetu, na kwa kimo kile macho yangu yalikuwa sawasawa na ya dereva wake. Hakuna bati wala kioo kilichokuwa kati yetu. Nilimwona uso, nikaona bega lake, nikaona mikono yake yote miwili mahali ilipokuwa.