Dal-mi Hadaiwi Kitu: Watazamaji na Mwanaume wa Pili wa Tamthilia za Kikorea

Kila tamthilia ya Kikorea yenye mwanamke mmoja na wanaume wawili hufika mahali watazamaji wakagawanyika kambi. Kambi ya steringi, yule atakayempata mwanamke, hutulia, maana inajua mwisho ni wake. Kambi ya mwanaume wa pili, yule atakayemkosa, ndiyo yenye kelele, machozi na lawama kwa mwandishi. Mashabiki wamezoea kuitaja hali hiyo kama ugonjwa, kana kwamba aliyempenda mwanaume wa pili hajui kutazama. Sikubaliani nao. Anayemlilia mwanaume wa pili mara nyingi ameona sawasawa kile alichoonyeshwa. La kuuliza ni kama mwandishi alimwonyesha kwa haki, na hapo jibu si moja. Kwa Reply 1988, waliokasirika walikuwa wanamwangalia mtu asiye mwenye uamuzi. Kwa Start-Up walikuwa na haki ya kukasirika, ila deni la mwandishi wakaenda kumdai Dal-mi, mwanamke wa hadithi hiyo.

Reply 1988 ilirushwa na kituo cha televisheni cha tvN kuanzia Novemba 2015 hadi Januari 2016, sehemu 20, Ijumaa na Jumamosi. Marafiki watano wanakua kwenye kichochoro kimoja cha Ssangmun-dong, kaskazini mwa Seoul. Msichana ni mmoja tu, Deok-sun, na tangu mwanzo tunamwona akiwa mtu mzima pamoja na mume ambaye hatuambiwi ni nani kati ya wale wavulana. Mchezo huu wa kumsaka mume ulishachezwa katika Reply 1997 na Reply 1994, za mwongozaji yuleyule Shin Won-ho na mwandishi yuleyule Lee Woo-jung, kwa hiyo watu waliingia tayari kwa ubishi. Wengine waliapa kwamba mume hawezi kuwa mwingine ila Jung-hwan, aliyeigizwa na Ryu Jun-yeol. Wengine walimtaka Taek, yule bingwa mpole wa baduk, mchezo wa kete za ubaoni, aliyeigizwa na Park Bo-gum. Akawa Taek, na kuna watu hawajasamehe hadi leo.

Ukimtazama Jung-hwan unaelewa hasira yao. Kwenye basi lililojaa anaunyoosha mkono na kuushika mhimili ili Deok-sun asibanwe na abiria, huku akijifanya anatazama kwingine. Usiku wa mvua anampelekea mwavuli, anamwambia awe anarudi nyumbani mapema, anageuka na kuondoka. Hasemi zaidi ya hapo. Sasa angalia kamera inafanya nini: Deok-sun akishapita, inabaki na Jung-hwan. Tunaona uso wake mlango ukishafungwa. Mapenzi yake tunayajua kwa undani kwa sababu tunaonyeshwa nyakati ambazo Deok-sun hayupo. Mtazamaji anajua, msichana hajui, na pengo hilo ndilo linaloumiza. Ndiyo mbinu kuu ya mwanaume wa pili katika tamthilia hizi: mpe dakika za upweke, watazamaji watampenda wenyewe.

Lakini tamthilia haikuwa inauliza nani anampenda Deok-sun. Ilikuwa inauliza Deok-sun anampenda nani, na iliuliza waziwazi. Rudi sehemu ya kwanza. Deok-sun ni mtoto wa kati. Kwa kuwa siku yake ya kuzaliwa imekaribiana na ya dada yake Bo-ra, familia inasherehekea mara moja: wimbo wa Bo-ra ukiisha, mishumaa inawashwa upya kwenye keki ileile. Safari hii Deok-sun analipuka. Kwa nini mayai ya kukaanga yanakwenda kwa dada na mdogo wake, yeye aambiwe anapenda maharage? Kwa nini hata jina zuri wamepewa wengine? Baadaye baba yake anamfuata kichochoroni na keki ndogo na kumwambia kwamba hata yeye ubaba anaufanya kwa mara ya kwanza. Watu wengi hukumbuka machozi ya tukio hilo wakasahau kazi yake. Mtoto aliyezoea kubakiziwa hajifunzi kuchagua, hujifunza kusubiri achaguliwe.

Ndivyo inavyokwenda. Rafiki zake wa shule wanapomwambia Sun-woo, mvulana mwingine wa kichochoro, anampenda, moyo wake unamwelekea Sun-woo. Kumbe Sun-woo anampenda Bo-ra. Wakimwambia ni Jung-hwan, anaanza kumtazama Jung-hwan. Mara zote mbili kaanza kwa kuambiwa. Kisha Dong-ryong, mwenye vichekesho kuliko wavulana wote wa kichochoro, anamwambia aache kujiuliza nani anampenda, ajiulize yeye mwenyewe anampenda nani. Hilo ndilo jibu la kitendawili, limewekwa mezani kabla ya mwisho. Kuanzia hapo ukimfuatilia Deok-sun badala ya wavulana, utaona ni nani anamtunza bila kuambiwa na mtu. Alishaandamana na Taek kwenye mashindano China, akahangaika na chakula chake na baridi ya chumba chake, akiwa na uwezo ambao nyumbani kwao hakuna aliyewahi kumsifia.

Jung-hwan naye anajihukumu mwenyewe, katika sehemu ya 18. Anaendesha gari kumwahi Deok-sun aliyeachwa peke yake kwenye ukumbi wa muziki, taa nyekundu zinamsimamisha njiani, na anapofika Taek ameshatangulia. Taek ameacha mechi ili aje. Hapo Jung-hwan anakiri moyoni kwamba kosa halikuwa la taa za barabarani, lilikuwa la kusitasita kwake mara zisizohesabika. Kisha mbele ya marafiki anampa Deok-sun pete yake ya chuo cha jeshi la anga, anamwambia yote yaliyokuwa moyoni, halafu anageuza kuwa utani. Hata siku ya kusema kweli alijiachia mlango wa kutokea. Ryu Jun-yeol aliigiza vizuri mno pale, na nadhani uzuri huo ndio uliofanya watu wasisikie maneno yenyewe.

Kwa jambo moja nawaunga mkono waliolalamika. Yule mume wa siku za sasa anaongea kwa kejeli na ukali kidogo, tabia za Jung-hwan mtupu, si za Taek. Huo ulikuwa mtego, na haukuwa wa haki. Ukishamwambia mtazamaji atafute dalili, usimwekee dalili za uongo.

Sasa Start-Up, iliyorushwa na tvN hiyohiyo mwaka 2020, sehemu 16. Hapa kosa liko kwenye mpango wa hadithi yenyewe, na linaanza na sehemu ya kwanza kuwa nzuri kupita kiasi. Han Ji-pyeong, kijana yatima, anatoka kituo cha kulelea watoto akiwa hana pa kulala. Bibi mmoja mwenye kibanda cha kuuza soseji zilizochovywa kwenye rojo la unga na kukaangwa anampa hifadhi. Bibi huyo ana mjukuu, Dal-mi, aliyebaki mpweke baada ya wazazi kuachana na dada yake kuondoka na mama. Anamwomba Ji-pyeong amwandikie mjukuu barua kwa jina la kubuni. Jina wanalichukua gazetini: Nam Do-san, mtoto aliyeshinda mashindano ya hisabati. Barua zinapitia kwenye kijumba cha ndege. Baadaye Ji-pyeong anamshuku bibi kuwa kamwibia pesa zake, anamfokea, anagundua amekosea, na bibi bado anamfuata na viatu vipya. Anamwambia akifanikiwa asimtafute, ila siku mvua inanyesha na hana pa kwenda, aje.

Baada ya hapo, nani atamtazama Do-san? Do-san halisi, aliyeigizwa na Nam Joo-hyuk, anaingia kwenye hadithi akiwa mgeni nyumbani kwa mtu mwingine. Mtazamaji ameshapewa njaa ya Ji-pyeong, aibu yake, bibi aliyempa hifadhi na maneno aliyoyaandika kwa mkono wake. Kim Seon-ho, aliyemwigiza Ji-pyeong, hakuhitaji kufanya jambo kubwa ili apendwe. Kambi yake ikawa kubwa kuliko ya steringi, na Dal-mi alipoolewa na Do-san, mitandao ikawaka.

Hoja iliyosikika zaidi ilikuwa kwamba Ji-pyeong ndiye aliyeandika barua, kwa hiyo Dal-mi ni wake. Hapo nasimama upande wa Dal-mi. Barua aliziandika kwa ombi la bibi, akiwa kijana anayelipa fadhila, na kwa miaka mingi baadaye hakumtafuta msichana huyo. Mapenzi si ujira unaolipwa mwisho wa mwezi kwa aliyefanya kazi. Dal-mi alimjua Do-san mtu mzima kwa kufanya naye kazi, kugombana naye na kushindwa naye, na alipogundua siri ya barua alikuwa na kila sababu ya kuwakasirikia wote wawili.

Malalamiko yenye uzito ni mengine, na hayakusemwa vya kutosha. Kwanza, Do-san anabadilika tukiwa hatupo. Kampuni yake inanunuliwa, anakwenda San Francisco, hadithi inaruka miaka mitatu, anarudi mwanaume anayejiamini. Ukomavu uliohitajika ili tumkubali ulitokea gizani. Pili, Ji-pyeong katika nusu ya pili anabaki kusimama pembeni na kutoa ushauri wenye sumu kidogo na macho yenye huzuni. Mwandishi Park Hye-ryun alifungua hadithi ya mtoto asiye na kwao, kisha akaendelea nayo kama hadithi ya mwanaume asiyepata mchumba. Mtoto yule alihitaji kwao. Harusi haikuwa na uhusiano na hitaji hilo, na kama uzito ungerudishwa kwa bibi, hasira nusu yake isingekuwepo.

Anayetaka kujua mapema anaelekea wapi, atazame sehemu nne za mwanzo kwa makini. Katika tamthilia ya sehemu 16, mpangilio wa watu huwa umeshawekwa hapo, na kufikia ya nane uhusiano mkuu huwa umesemwa au umekiriwa. Hesabu ni nani anabaki kwenye picha mwanamke akishaondoka: huyo mara nyingi ni wa pili. Angalia pia ni nani anambadilishia mwanamke mipango yake, hata kwa kumuudhi. Huyo ndiye steringi, maana hadithi inasukumwa na anayevuruga mambo, na mwanaume wa pili huwekwa kuwa mahali pa kupumzikia. Ndiyo sababu wa pili anaonekana mwema zaidi. Hajapewa nafasi ya kukosea na mwanamke huyo.

Namna ya kutazama nayo inaongeza moto. Korea sehemu mbili hurushwa kwa wiki, kisha zinapita siku tano bila jipya, na watu wanajaza siku hizo kwa kubishana. Anayezimaliza zote 16 mfululizo kwa siku mbili tatu haugui kiasi hicho, kwani hapewi muda wa kujenga mwisho wake mwenyewe. Na kelele zenyewe hazina nguvu ya zamani. Kulikuwa na enzi ambapo tamthilia zilipigwa picha huku zikirushwa, waigizaji wakipewa kurasa za mazungumzo siku hiyohiyo, na mwandishi akisoma maoni ya watu usiku. Tangu sheria ya saa 52 za kazi kwa wiki ilipoanza kutekelezwa Julai 2018, na majukwaa kama Netflix yakitaka kazi iliyokamilika, tamthilia nyingi huwa zimeshapigwa picha kwa sehemu kubwa au yote kabla ya watu kuanza kubishana. Kudai mwisho ubadilishwe ni kupoteza pumzi.

Linalonisikitisha ni chuki inapovuka kutoka kwa mhusika hadi kwa mwigizaji. Mwaka 2020 Park Hae-joon alichukiwa na nchi nzima kama Lee Tae-oh, mume msaliti wa The World of the Married, ambayo sehemu yake ya mwisho ilivuka asilimia 28 ya watazamaji, rekodi kwa televisheni ya kebo wakati huo. Mwaka 2025 uso huohuo ulikuwa wa Gwan-sik mzee katika When Life Gives You Tangerines, mvuvi wa Jeju aliyempenda mkewe bila kuyumba, na watu wakamlilia kama baba yao. Anayemtukana mwigizaji kwenye ukurasa wake anamwadhibu kwa kuifanya kazi yake vizuri.

Kuhusu mwanaume wa pili, waandishi wanayo njia, na hawahitaji kumuua. Gu Seung-jun, mwanaume wa pili wa Crash Landing on You, alipigwa risasi akimwokoa Seo Dan, mwanamke aliyempenda, na kifo hicho bado naona hakikuwa na ulazima: kilimtoa jukwaani mtu ambaye mwandishi alikuwa ameshampa mapenzi yake mwenyewe, kikamwachia Seo Dan maombolezo. Lovely Runner ya 2024 ilifanya vizuri zaidi. Kim Tae-sung anampenda Im Sol, anakataliwa, na hadithi inampa kazi: anakuwa mpelelezi kama baba yake, anamfuatilia mhalifu yuleyule anayemtishia Sol, na ugomvi wake wa kitoto na Sun-jae, steringi wa hadithi, unakuwa urafiki wa kuchekesha. Ana asubuhi yake ya kuamkia isiyomhusu Sol. Waliompenda walisikitika kidogo, wakaendelea kumfurahia hadi sehemu ya 16.