Mwalimu wa Muziki Hutafutwa Mgeni Akishuka Gatini

Nafundisha muziki katika shule ya upili ya wasichana hapa Lamu, kazi ambayo walimu wenzangu huihesabu kuwa mapumziko yenye mshahara. Ratiba ikibanwa, kipindi cha kwanza kuliwa ni changu. Mwalimu wa hisabati husimama mlangoni akitabasamu na kuniambia, "Ndugu yangu, wewe waimbishe tu jioni," kana kwamba noti husomwa huku mtu akifua sare. Lakini ikisikika kwamba mgeni rasmi ameshuka gatini, mimi ndiye ninayetafutwa hadi msalani, na wimbo wa beti sita wenye jina la mgeni ndani yake hutakiwa uwe tayari kabla hajamaliza chai.

Chombo tulicho nacho ni kinanda kimoja cha umeme, ambacho hewa ya chumvi imekwisha kukinyamazisha vitufe kadhaa. Hata kingekuwa kizima, kina sauti kumi na mbili tu zinazojirudia, ilhali wasichana hawa wamelelewa kwa udi, ala ya nyuzi, wa mwanamuziki wa taarabu marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, na katika maqamu, yaani ngazi za sauti za Kiarabu, kama rasti na bayati zimo robo sauti, sauti za katikati ya kitufe na kitufe, ambazo kinanda hakina pa kuziweka. Nikiwapigia "mi", noti ya tatu ya rasti, binti wa safu ya mbele hunitazama kwa huruma na kusema, "Mwalimu, hiyo imepanda kidogo." Na kweli imepanda! Sasa nimsahihishe nani?

Msimu wa harusi ndio balaa lenyewe. Hao hao wanaopiga miayo nikieleza mapigo yanayopishana, wakishika pembe na vijiti kwenye vugo, ngoma ya wanawake ya harusini, huyapishanisha bila kukosea hata moja, kisha Jumatatu kwaya yangu nzima imekaukwa sauti, inanong'ona.

Juzi mzazi mmoja aliniuliza muziki utamfaa nini bintiye. Nilimweleza, kwa fahari iliyonizidi kimo, kwamba hata wimbo wetu wa taifa, ulioandaliwa mwaka 1963, lahani yake ilitoka katika wimbo wa kubembelezea watoto wa Wapokomo, majirani zetu wa Mto Tana. Naibu wa mwalimu mkuu alikuwa karibu akisikiliza. Tangu hapo usingizi wa kidato cha pili kwenye paredi umeandikwa kwa jina langu, nami nimetakiwa kujieleza kwa maandishi.