Kiatu cha Kushoto Kimebaki Baharini

Leo asubuhi nimevaa kiatu cha kulia, nikakaa kitandani nikikitazama, kwa kuwa mwenzake yumo baharini, na bahari yenyewe siku hiyo haikuwapo. Naomba nilieleze jambo hili kwa utulivu unaomstahili mtu wa makamo.

Nilisafiri kwa mashua ili niyaone maisha ya pwani. Ya mwanzo nayapita, kwa sababu sote tunayajua: nahodha aliyesema tunaondoka sasa hivi, abiria aliyekalia mkoba wangu hadi ukawa mkeka, na chumvi iliyonikausha midomo nikashindwa hata kulalamika. Kuchafukwa na moyo nako nilikuvumilia, ingawa bwana mmoja alinieleza, huku akitafuna, kwamba masikio yanahisi chombo kinayumba ilhali macho yanakiona kimetulia, hivyo ni heri nitazame upeo wa macho. Nilitazama. Upeo nao ulikuwa ukipanda na kushuka.

Kilichonimaliza ni fungu la mchanga.

Tulipoikaribia mikoko, nami nimekwisha kuchana nywele tayari kwa kuteremka, mashua ilikoroma kwa chini, ikalala upande kama mzee aliyepata mkeka, ikatulia. Nahodha hakushtuka. Alitua tanga, akatupa nanga, ingawa sikuona chombo kile kingetorokea wapi, kisha akajinyoosha.

"Shikamoo, nahodha," nikasema kwa sauti ya ofisini. "Kuna nini?"

"Marahaba, mwanangu. Maji yanapwa."

"Na tutaondoka lini?"

"Yatapwa kwa muda wa saa tatu hivi, kisha yajae kwa saa tatu nyingine, ndipo tuelee."

Nilimwonyesha karatasi niliyoandika nyakati za maji. Akaitazama kwa huruma. "Hizi ni za jana. Kila siku maji huchelewa kwa karibu dakika 50, kwa kuwa mwezi nao huchelewa." Yaani mimi, ambaye nikichelewa dakika kumi kazini huitwa nikajieleze, nilitakiwa kukubali kwamba mwezi huchelewa kila siku na pwani nzima imeusamehe!

"Shukuru Mungu," akaongeza. "Tungelipanda fungu hili siku ya bamvua, yaani maji makubwa kuliko ya kawaida, nayo yamejaa kabisa, pengine tungengoja hadi bamvua nyingine, na hapo katikati pana wiki mbili." Nikashukuru kwa shingo upande, sambamba na mashua.

Haikupita saa moja bahari ikawa imeondoka yote, tumebaki juu ya mchanga mkavu, abiria wa baharini tuliolipa nauli ya baharini. Hapo akapita mama mmoja kwa miguu, ndoo mkononi, akiokota chaza mahali ambapo tulipaswa kuwa tunaelea.

"Jamani, mnangoja nini?" akauliza.

Sikupata jibu lenye heshima. Nilikunja suruali, nikaruka chini, nikaelekea ufukweni kupitia mikokoni kwa mwendo wa mtu mwenye miadi. Hatua ya tano tope likanifika magotini, likitoa harufu ya yai viza. Hewa haipiti katika tope lile, hata mikoko yenyewe imelazimika kuinua mizizi juu ipate kupumua; sasa mimi nisiye na mizizi ningefanyaje? Nilivuta mguu wa kushoto, mguu ukaja, kiatu kikakataa. Nilipoingiza mkono kukitafuta, kaa mmoja akatokeza, akaninyoshea gando kana kwamba ni mimi niliyeingia kwake bila hodi. Jamani, nimechoka! Nilirudi mashuani na kiatu kimoja, na nahodha akasogea kunipisha bila kufumbua macho.

Muda uliobaki niliutumia kukagua ubavu wa mashua, ambako viumbe vidogo vyenye magamba makali vilikuwa vimejigandisha kwenye mbao. Nikaambiwa kwamba kiumbe huyo akishapata mahali hahami tena maisha yake yote, na kwamba wakizidi chombo huwa kizito na kupunguza mwendo. Kumbe tulikuwa na abiria wengi kuliko niliowahesabu, wote hawana tiketi, na kusema kweli hakuna hata mmoja wao aliyekalia mkoba wangu.

Hiki cha kulia nacho kimeanza kutoa ukungu mweupe wa chumvi. Nimekifuta mara tatu tangu alfajiri, na kila kinapokauka, unarudi.