Sinia moja au chumba cha faragha?

Binti wa Mikindani akifunga kila Jumatatu na Alhamisi, nyumba nzima humsifu. Akiongeza na Jumanne, husemwa ucha Mungu umemkolea. Hedhi ikikatika na mifupa ya mabega ikichomoza ndipo yatajwapo vidonda vya tumbo, jini au uchawi. Anoreksia, ugonjwa wa kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa, haimjii mtu kichwani.

Tiba zipo, ila zinavutana. Moja ilikuzwa hospitali ya Maudsley, London. Wazazi ndio wanaosimamia kila mlo bila kumlaumu mtoto. Uzito ukirudi, naye hurudishiwa uamuzi wa kula kidogokidogo. Utafiti wao wa 1987 ulionyesha inawafaa zaidi walioanza kuugua kabla ya miaka 19 na ambao ugonjwa haujafika miaka 3.

Kwa watu wanaokula pamoja, unaweza kudhani tiba hii ilibuniwa Mtwara. Mimi nasita. Mikono sita ikiwa kwenye sinia moja la ugali wa muhogo na kisamvu, nani atahesabu matonge ya mmoja? Shangazi anayembembeleza ale leo ndiye aliyemwita bonge mwaka jana. Na ile kauli yetu, "wenzio wanalala njaa", ni lawama tupu.

Nyingine ni mazungumzo ya kubadili fikra na tabia, kama yalivyopangwa na Christopher Fairburn wa Oxford: vikao kama 20 kwa wiki 20 kwa asiyekonda sana, vya mwanzo mara mbili kwa wiki, na mgonjwa huandika kila anachokula. Mke anayejitapisha kwa siri hawezi kutibiwa mbele ya mawifi, kwa hiyo faragha hii ni ya lazima kwake. Lakini kushuka kutoka Newala mara mbili kwa wiki, nauli atatoa nani?

Kwa binti wa shule ningeanza na familia, ila apakuliwe sahani yake na apimwe uzito kliniki. Shehe naye amkumbushe kuwa mgonjwa ameruhusiwa kula. Ruhusa hiyo ipo katika Al-Baqara, na ikitoka kwake itamwingia kuliko ikitoka kwa nesi.

Kabla ya yote, daktari. Aliyedhoofika kwa njaa ya muda mrefu akishindiliwa chakula ghafla, madini ya damu huvurugika na moyo unaweza kusimama. Bibi aambiwe hilo kabla hajashika bakuli la uji.