Bima Imeisha Nikiwa Usingizini

Nayaandika haya nikiwa kwenye benchi la wakala wa bima, ambaye kwa saa nzima sasa ananiambia kwamba mtandao unasumbua, huku gari langu, namba B lenye heshima zake, likiwa limepumzishwa chini ya mwarobaini, hatua ishirini tu kutoka kwa askari aliyelisimamisha.

Naomba ieleweke kwamba mimi si mvunja sheria. Bima iliisha jana saa sita kasoro dakika moja usiku, mwenyewe nikiwa nimelala, na leo saa moja na robo asubuhi nikapigwa mkono. Zamani stika ya karatasi ilipauka kwa jua hata tarehe isisomeke, na mtu mzima akapata nafasi ya kubishana kwa adabu. Siku hizi afande anabofya namba ya gari kwenye simu, na simu haipauki.

"Mzee, bima huna."

Nilijifanya kushangaa, nikaanza kupekua kwenye dashibodi na kutoa risiti ya tairi, soksi moja ya mtoto na bisibisi. Jirani yangu, niliyempa lifti ya bure, akaona anisaidie: "Si ulisema utakata bima mshahara ukitoka?" Lifti ya jirani huyo imefutwa kuanzia leo.

Kumbe ukaguzi ndio kwanza unaanza. Kioo changu cha mbele kina stika za tangu enzi, kwa kuwa sijawahi kupata nafasi ya kuzibandua, naye akaanza kuzisoma moja baada ya nyingine, kwa sauti, kama anayesoma wasifu wa marehemu: bima iliyokwisha, Nenda kwa Usalama iliyokwisha, bima nyingine iliyokwisha, hadi akafika pembeni kabisa kwenye kikaratasi kilichojikunja ncha.

"Na hii ni nini, mzee?"

Kijana wa watu hakuwahi kuiona rodi laisensi! Hapo nikasahau kwamba mtuhumiwa ni mimi. Nikashuka, nikaegemea boneti, nikamweleza kwamba ada hiyo ya barabara ya kila mwaka ilifutwa kwenye bajeti ya mwaka 2017, tukashangilia, kisha tukasikia ushuru umeongezwa shilingi 40 kwa kila lita ya petroli, ya dizeli na hata ya mafuta ya taa, kwa hiyo bibi yangu kijijini, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, akawa analipia barabara kila anapowasha koroboi.

"Ahsante kwa somo, mzee," akasema, bado anaandika. "Elfu thelathini."

Ongeza 118,000 za bima ndogo, ambayo nikigonga hainipi mimi hata senti, inamlipa niliyemgonga. Mwaka wa kumi na moja huu namlipia mtu nisiyemjua na ambaye bado sijamgonga. Jamani, hata kuja kunijulia hali!

Wakala ameomba kadi ya gari. Ina jina la aliyeniuzia, na hilo tusilifungue leo. Sasa anataka picha za gari pande zote nne, kwa hiyo nimelazimika kurudi pale mwarobaini, nikamkuta kijana wa kuosha magari ameshika wembe, anaikwangua ile rodi laisensi. Nimemfukuza. Afande ameomba isiguswe mpaka mwenzake wa zamu ya mchana afike, nimsimulie naye.